Samaki wa maji chumvi anapougua: Pima maji kabla ya kufungua chupa ya dawa

MFUGAJI wa samaki wa mapambo huamka asubuhi, akasogelea tangi lake la kioo kama ilivyo ada yake, na mara akaona jambo ambalo jana halikuwapo: vidoa vyeupe mfano wa chembe za chumvi vimetapakaa kwenye mapezi ya samaki anayempenda kuliko wote. Kabla ya saa sita mchana amekwisha kwenda dukani, amenunua dawa aliyoshauriwa na muuzaji, na ameimimina ndani ya tangi. Siku mbili baadaye kamba na konokono wamekufa, matumbawe yamesinyaa, maji yamechafuka, na samaki bado ana vidoa vyake.

Mikasa ya namna hii huwapata wengi wanaoanza kufuga samaki wa baharini majumbani. Chanzo chake si uhaba wa dawa, bali ni kutanguliza dawa mbele ya uchunguzi. Maradhi ya samaki hufanana sana kwa dalili za awali, lakini tiba zake hutofautiana, na dawa iponyayo ugonjwa mmoja yaweza kuwa kazi bure, au sumu, kwa mwingine.

Jambo hili lina uzito kuliko hasara ya fedha. Wengi wa samaki wa baharini wanaouzwa kwa mapambo bado huvuliwa kwenye miamba ya matumbawe, tofauti na wale wa maji baridi ambao wengi wao huzalishwa mabwawani. Pwani ya Kenya ni miongoni mwa sehemu wanakovuliwa na kusafirishwa ng'ambo. Wapo wanaozalishwa na binadamu, kama yule mdogo wa rangi ya machungwa na mistari myeupe aliyepata umaarufu kwa filamu ya Finding Nemo ya mwaka 2003. Lakini mwenzake wa rangi ya buluu katika filamu hiyohiyo, aina ya kangaja, alizalishwa kwa mara ya kwanza nje ya bahari mwaka 2016, katika maabara ya Chuo Kikuu cha Florida, Marekani. Kwa hiyo samaki anapokufa tangini kwa uzembe, aghalabu pengo lake huzibwa kwa kumtoa mwingine baharini.

Kwa nini hudhoofu upesi

Mwili wa samaki wa baharini mwenye mifupa una chumvi inayokaribia theluthi moja tu ya ile iliyomo katika maji yanayomzunguka. Kwa sababu hiyo maji humtoka mwilini muda wote, naye hulazimika kunywa maji ya bahari na kuitoa chumvi iliyozidi kupitia mashavu yake. Mashavu basi yana kazi mbili kubwa: kuvuta oksijeni na kutoa chumvi. Vimelea vinapoyashambulia, samaki hukosa hewa na papo hapo hukaukiwa na maji ingawa yumo majini.

Aidha, maji ya bahari hubeba oksijeni kidogo. Kwa joto la nyuzi 25 za selsiasi, lita moja huweza kushika takriban miligramu 6.7 za oksijeni, ilhali maji yasiyo na chumvi hushika zaidi ya miligramu 8. Joto likipanda, kiasi hicho hupungua zaidi. Hii ndiyo sababu umeme ukikatika usiku na pampu zikasimama, samaki mwenye mashavu mabovu huwa wa kwanza kufa. Pampu ndogo ya hewa itumiayo betri ni kifaa cha lazima kwa kila mwenye tangi la namna hii.

Hatua ya kwanza: Pima maji

Kabla ya kumshuku kimelea, yashuku maji. Kipimajoto, kifaa cha kupimia chumvi na vipimo vya matone vya amonia, nitriti, nitrati na pH vyatosha kutoa jibu ndani ya nusu saa.

Joto linafaa liwe kati ya nyuzi 24 na 27. Chumvi iwe karibu gramu 35 kwa kila lita, ambayo kwenye kipimo cha uzito wa maji husomeka 1.025 hadi 1.026. pH iwe kati ya 8.1 na 8.4. Amonia na nitriti zisionekane kabisa. Nitrati haina ukali kama hizo mbili, lakini ni vyema isizidi miligramu 20 kwa lita.

Amonia ndiyo adui wa kwanza. Hutokana na kinyesi cha samaki, pumzi zao na chakula kilichooza. Sehemu yake iliyo na sumu huongezeka takriban mara kumi kila pH inapopanda kwa kipimo kimoja, na maji ya bahari yana pH ya juu. Kiasi ambacho samaki wa ziwani angekivumilia chaweza kumuua wa baharini. Tangi jipya huhitaji wiki nne hadi sita, pengine zaidi, kujijengea bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti na hatimaye nitrati. Anayejaza samaki kabla ya muda huo huwatia ndani ya sumu.

Iwapo samaki wote wameanza kuhema kwa wakati mmoja, tatizo aghalabu ni maji: amonia, upungufu wa oksijeni, au sumu iliyoingia kutoka nje, mathalani dawa ya mbu iliyopuliziwa chumbani. Tiba ya kwanza hapo ni kubadili robo hadi nusu ya maji kwa mengine yenye chumvi na joto lilelile, kuongeza hewa na kusitisha chakula kwa siku moja. Maji ya bomba yatumikayo kuyeyushia chumvi ya dukani lazima yaondolewe klorini kwanza. Na mkazi wa pwani anayechota maji baharini ajihadhari na maji ya karibu na midomo ya mito na mifereji, hasa baada ya mvua.

Hatua ya pili: Mtazame samaki

Maji yakiwa salama, chukua kiti, keti mbele ya tangi kwa robo saa bila kugonga kioo, na ujibu maswali haya. Je, anakula? Anahema kasi kuliko wenzake? Anajisugua kwenye mawe au mchanga? Amejificha gizani, au amesimama mbele ya bomba la pampu kutafuta mkondo wa maji? Vidoa ni vikubwa vya kuhesabika, au ni kama vumbi? Vilianza lini na vimeongezekaje tangu jana? Je, yupo samaki mwingine anayemfukuza na kumng'ata? Kuna samaki mpya aliyeingizwa mwezi huu?

Andika majibu na upige picha. Kasi ya ugonjwa ni ushahidi mkubwa kuliko rangi ya vidoa.

Maradhi yanayoonekana mara kwa mara

Ugonjwa wa vidoa vyeupe ndio ujulikanao zaidi. Huletwa na kimelea chenye seli moja kiitwacho Cryptocaryon irritans. Vidoa vyake huwa kama chembe za chumvi, vya kuhesabika, na mara nyingi samaki huendelea kula katika siku za mwanzo. Kangaja ndio hushikwa upesi, hususan yule wa buluu hafifu wa Bahari ya Hindi, Acanthurus leucosternon, apatikanaye hata katika miamba ya pwani yetu.

Kimelea hiki hujichimbia chini ya ngozi ya samaki kwa siku 3 hadi 7, kisha hudondoka na kujifunika gamba gumu juu ya mawe, mchanga au kioo. Ndani ya gamba hilo hugawanyika na kuwa vimelea vichanga, aghalabu kwa siku 3 hadi 28, ingawa imewahi kuchukua hadi siku 72. Vichanga hivyo hutoka na kumtafuta samaki. Wasipompata ndani ya siku moja au mbili, hufa. Hapa ndipo wengi hudanganyika. Vidoa hutoweka, mfugaji akashukuru dawa aliyotia, kumbe kimelea kimehama tu kwenda kuzaa. Baada ya wiki moja au mbili vidoa hurudi vikiwa maradufu.

Ugonjwa wa vumbi la dhahabu huletwa na kimelea kingine, Amyloodinium ocellatum, na ni hatari kuliko huo wa kwanza. Vidoa vyake ni vidogo mno, mfano wa unga uliopeperushiwa mwilini, na huonekana vizuri zaidi ukimulika kwa tochi kutoka ubavuni. Mara nyingi mashavu hushambuliwa kabla ya ngozi, hivyo samaki huweza kufa bila kuonyesha kidoa hata kimoja. Dalili zake ni kuhema kwa kasi, kukimbia mwanga, kukataa chakula na kusimama kwenye mkondo wa maji. Ugonjwa huu huua ndani ya siku chache, na pengine saa chache. Anayeushuku asisubiri kesho.

Ugonjwa wa ute huletwa na Brooklynella hostilis, na huwapata zaidi wale samaki wa machungwa wakaao na anemoni, hasa waliotoka baharini karibuni. Ngozi hutoa ute mzito mweupe unaoning'inia kama utando, rangi hupauka, na kifo huja upesi. Dawa ya shaba, itumikayo kwa maradhi mawili ya kwanza, haiutibu ugonjwa huu.

Minyoo bapa hushikamana na ngozi, macho na mashavu. Samaki hujisugua na kutikisa kichwa, na macho yake huweza kuwa na ukungu. Minyoo mingi ni myangavu, haionekani mpaka samaki aogeshwe kwa maji yasiyo na chumvi, ambapo hugeuka meupe na kudondoka.

Maambukizi ya bakteria huonekana kama mapezi yaliyooza, vidonda vyekundu, jicho lililovimba au tumbo lililojaa maji. Mara nyingi hufuata majeraha au maji machafu, hivyo kumtibu samaki bila kurekebisha hayo ni kutwanga maji kwenye kinu. Dawa za kuua bakteria zitolewe kwa ushauri wa daktari wa mifugo, kwani kuzitumia ovyo huzaa usugu.

Mwisho kuna vinundu vyeupe kama ua la koliflawa kwenye kingo za mapezi. Huletwa na virusi, havina dawa, na mara nyingi huondoka vyenyewe samaki akitulizwa na kulishwa vizuri. Wengi wameua samaki mwenye vinundu hivi kwa kumpa shaba akidhaniwa ana vidoa vyeupe.

Tangi la hospitali

Kanuni kuu ni moja: usitie dawa ya shaba ndani ya tangi la mapambo. Shaba huua matumbawe, kamba, kaa na konokono kwa kiasi kidogo sana, tena hunaswa na mawe na mchanga wa chokaa, hivyo kipimo hakitulii, na mabaki yake huweza kudumu humo muda mrefu.

Tangi la hospitali halihitaji uzuri. Tangi lenye urefu wa sentimita 60, upana 30, na maji ya kina cha sentimita 25 hubeba lita 45. Hesabu yake ni kuzidisha urefu, upana na kina, kisha kugawa kwa 1,000. Usikadirie kwa macho, maana kosa la lita kumi laweza kugeuza dawa kuwa sumu. Weka hita, pampu ya hewa, sponji iliyokaa wiki kadhaa katika tangi lisilo na ugonjwa ili iwe na bakteria wazuri, na vipande vya bomba la plastiki kwa ajili ya kujificha. Usiweke mchanga wala mawe. Pima amonia kila siku.

Tiba na vipimo vyake

Shaba hutibu vidoa vyeupe na vumbi la dhahabu. Shaba ya kawaida, isiyofungwa na kemikali nyingine, hushikiliwa kati ya miligramu 0.15 na 0.20 kwa lita. Ipandishwe polepole kwa siku mbili au tatu, ipimwe kila siku kwa kipimo maalumu, na idumu wiki tatu hadi sita bila kushuka. Ikipungua, vimelea hupona; ikizidi, samaki hufa. Zipo dawa za shaba iliyofungwa ambazo kiwango chake ni cha juu zaidi. Hizo zifuate maelezo ya chupa yake pekee. Papa na taa wasipewe shaba kabisa. Pia usichanganye shaba na dawa za kufyonza amonia, kwani baadhi yake huifanya shaba kuwa kali zaidi.

Kupunguza chumvi ni njia ya pili kwa vidoa vyeupe. Chumvi hushushwa ndani ya siku mbili hadi gramu 15 kwa lita au pungufu kidogo, ikashikiliwa hapo kwa siku 21 hadi 30, kisha ikarudishwa taratibu kwa muda wa wiki moja. Njia hii humpunguzia samaki kazi ya kutoa chumvi, lakini haifai kwa vumbi la dhahabu, ambalo kimelea chake huvumilia maji ya chumvi hafifu. Kwa sababu hiyo uchunguzi ukikosewa, muda wa thamani hupotea bure.

Njia ya tatu haina dawa. Samaki huhamishwa kwenda tangi jingine safi na kavu kila baada ya siku tatu, mara nne mfululizo. Kwa kuwa gamba la kimelea cha vidoa vyeupe huchukua angalau siku tatu kupasuka, samaki huwa amekwisha kuondoka kabla ya vichanga kutoka. Yahitaji matangi mawili na nidhamu ya kalenda. Vifaa vyote vioshwe na kukaushwa kabisa kila baada ya zamu.

Kuogesha kwa maji yasiyo na chumvi hufaa kwa minyoo bapa, na hutoa nafuu ya muda kwa maradhi mengine. Maji yawe na joto na pH sawa na ya tangi, yasiwe na klorini, na yatiwe hewa. Samaki akae humo dakika tatu hadi tano huku ukimtazama. Akilala ubavu au kupoteza mwelekeo, mrudishe mara moja. Beseni liwe jeusi ili minyoo iliyodondoka ionekane. Baada ya hapo, dawa ya praziquantel hutumika kumalizia minyoo iliyobaki.

Kwa ugonjwa wa ute, tiba izoeleke ni kuogesha kwa fomalini. Hii ni kemikali hatari, inayosababisha saratani na kuchoma macho na mapafu, hivyo isiguswe nyumbani bila maelekezo ya daktari wa mifugo, glavu na dirisha lililo wazi.

Wakati samaki wanatibiwa, tangi kubwa libaki bila samaki hata mmoja kwa wiki 11, yaani siku 77, ili vimelea vya vidoa vyeupe vife kwa kukosa pa kuishi. Kamba, konokono na matumbawe waweza kubaki humo. Samaki anayeonekana mzima naye atolewe, maana yeye mmoja atosha kuvihifadhi vimelea. Kitunguu saumu kwenye chakula chaweza kumvutia samaki kula, lakini si tiba. Wala kamba wanaosafisha ngozi za samaki hawamalizi ugonjwa huu.

Uhakika hutoka kwenye hadubini. Daktari akikwangua ute kidogo wa ngozi au kipande cha shavu na kukitazama samaki akiwa hai au punde baada ya kufa, vimelea hutambulika kwa dakika chache. Samaki aliyekufa zamani, au aliyegandishwa, hutoa majibu dhaifu.

Usalama wako, na mwisho wa heshima

Mfugaji naye ana miili miwili ya kulinda: wake na wa samaki. Bakteria aitwaye Mycobacterium marinum, aliyetambuliwa mwaka 1926 kutoka kwa samaki waliokufa katika hifadhi ya samaki ya Philadelphia, Marekani, huingia kwa binadamu kupitia mikwaruzo na kuleta vidonda visivyopona upesi. Vaa glavu, osha mikono, na ukipata kidonda sugu mkononi mweleze daktari kuwa unafuga samaki.

Ikiwa samaki hana matumaini, usimtupe chooni akiwa hai wala usimrudishe baharini, kwani utapeleka maradhi kwa wale wa huko. Mafuta ya karafuu, zao lililoipa jina Zanzibar, humlaza samaki na kumwondoa bila mateso. Tikisa takriban nusu mililita kwa kila lita ya maji ya tangi hadi yachanganyike, umweke humo, na umwache kwa dakika kumi zaidi baada ya mashavu kuacha kutikisika.

Kinga

Karibu maradhi yote yaliyotajwa huingia nyumbani ndani ya mfuko wa plastiki wenye samaki mpya. Kila samaki mpya akae karantini kwa siku 30 au zaidi, kwenye lile tangi la hospitali, kabla ya kukutana na wenyeji. Maji aliyokuja nayo yamwagwe, yasiingie tangini. Nyavu na mipira ya maji ya karantini isitumike kwingine. Na kabla ya kulipa dukani, omba kumwona samaki akila.

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Gharama ya tangi la lita 45, sponji na hita mara nyingi ni ndogo kuliko bei ya kangaja mmoja. Anayelitayarisha leo, samaki wakiwa bado wazima, hatalazimika kukimbilia dukani asubuhi ile vidoa vitakapoonekana.